Ijumaa Kuu: Mbona Injili haziyahesabu majeraha ya Yesu kama tunavyoyahesabu sisi?

Mwalimu wa Kwaya (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Wa imani nyingine na msio na imani karibuni pia, uzi huu hauna kiingilio.

Kanisani mimi nafundisha kwaya, kwa hiyo Kwaresima ndiyo msimu wangu wa kupekua nyimbo. Nimepitia kabrasha letu lote la Ijumaa Kuu, na nyimbo karibu zote zinaimba kitu kimoja: mijeledi, miiba, misumari, mkuki, damu, halafu damu tena. Mahubiri nayo ni hayohayo. Mhubiri anaanza na kiboko cha Kirumi kilivyotengenezwa, anateremka hadi kwenye mishipa ya mkono, kina mama wanalia, kisha tunatoa sadaka. Sisemi ni uongo. Ila nilirudi kwenye Marko 15 nione mwenyewe ameandikaje, nikakuta kaandika kama mtu mwenye haraka. Mijeledi imepewa nusu ya mstari wa 15. Kusulubiwa kwenyewe ni neno moja, "wakamsulibisha", na hapohapo anahamia kwenye habari ya askari kugawana nguo.

Msumari haumo. Nilidhani ni Marko peke yake, nikapitia wote wanne. Hakuna hata mmoja anayeutaja msumari pale Golgotha. Unakuja kutajwa baada ya ufufuo, kwenye Yohana 20:25, Tomaso alipotaka kutia kidole kwenye kovu.

Sasa kwa nini? Sababu ya kwanza iko wazi: wasomaji wao hawakuhitaji kusimuliwa. Mwaka 71 KK, baada ya uasi wa watumwa wa Spartacus kuzimwa, jemadari Crassus aliwatundika watu 6,000 kandokando ya barabara ya Via Appia, kutoka Capua hadi Roma. Mwaka 70 BK, Yerusalemu ilipozingirwa, Josephus, mwanahistoria Myahudi wa zama hizo, anaandika kwamba waliokamatwa wakitoroka mji kutafuta chakula walisulubiwa kwa mamia, 500 kwa siku na siku nyingine zaidi, mpaka mbao zikakosekana na mahali pa kusimamishia misalaba pakakosekana. Askari kwa chuki na kwa mzaha waliwapigilia kila mmoja kwa mkao wake. Mtu aliyeishi zama hizo ukimwambia "walimsulubisha", tumbo linamkata bila wewe kuongeza neno.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi. Waandishi hawa, wakati wanayapita maumivu mbiombio, kwenye kejeli wanatulia. Hesabuni ndani ya Marko 15 peke yake. Kikosi kizima kinamvika vazi la zambarau na taji, kinampigia magoti na kumsalimu mfalme. Wapita njia wanatikisa vichwa. Makuhani wanataniana wao kwa wao: aliokoa wengine, kujiokoa mwenyewe hawezi. Hadi waliotundikwa naye wanamfyolea. Warumi walikuwa na njia nyingi za kuua mtu haraka. Msalaba ulikuwa wa kumwaibisha: uchi, kando ya njia, kosa lako limebandikwa juu ya kichwa, na kwa Yesu liliandikwa kwa lugha tatu ili asikose mtu wa kulisoma. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, mwaka 63 KK alisimama mahakamani akasema neno lenyewe "msalaba" likae mbali na mawazo, macho na masikio ya raia wa Roma. Kwa Myahudi ilikuwa mbaya zaidi, maana Kumbukumbu 21:23 inasema aliyetundikwa amelaaniwa na Mungu.

Kuna mchoro uliogunduliwa mwaka 1857 huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, umekwaruzwa ukutani kwa kitu chenye ncha. Unakadiriwa kuwa wa karibu mwaka 200. Kuna mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, chini yake kijana kainua mkono, na maandishi ya Kigiriki: Alexamenos anamwabudu mungu wake. Yaani moja ya picha za kale kabisa za Yesu msalabani tulizonazo ni tusi. Alikuwa anachekwa huyo Alexamenos, labda na wenzake wa kazini.

Basi upendo uko wapi katika hadithi hii? Mimi nauona katika yale aliyoendelea kuyafanya akiwa pale juu. Marko anasema walimsulubisha saa tatu, giza likaingia saa sita, akakata roho saa tisa. (Saa zao zinahesabiwa kama zetu, kuanzia kunapokucha.) Kwenye saa hizo sita, ukiunganisha Injili zote, aliwaombea askari waliokuwa wanapigia kura kanzu yake, akamjibu jambazi, akamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ili apate pa kukaa. Mwanzoni kabisa walimletea mvinyo uliotiwa manemane, akaukataa.

Hoja yangu ni hii: wingi wa maumivu haukuwa kipimo cha upendo. Wale 6,000 wa Via Appia nao waliumia, na wapo waliokaa msalabani muda mrefu kuliko Yesu; Pilato mwenyewe alistaajabu kusikia amekwisha kufa (Marko 15:44). Wahalifu wawili wa kulia na kushoto walitundikwa kama yeye, na juu ya hayo wakavunjwa miguu. Kama wokovu ungekuwa unauzwa kwa kilo za uchungu, pale Golgotha kulikuwa na watu watatu wenye mzigo.

Natafuta mawazo yenu. Na kama kuna mwenye wimbo wa Ijumaa Kuu usiohesabu misumari, anitajie.

---

Kiti cha Nyuma

Uzi umeshiba. Naweka kigoda hapa nisubiri wajuzi.

---

Nesi wa Zamu

Mleta mada, niongeze ya upande wa mwili kwa sababu watu wanapenda kuyasema bila kuyachunguza.

Mahubiri mengi yanasema Yesu alikufa kwa kukosa pumzi, kwamba aliyetundikwa hawezi kutoa hewa mpaka ajisukume juu kwa miguu. Nadharia hiyo ilitiwa nguvu na daktari mpasuaji Mfaransa, Pierre Barbet, karne iliyopita. Baadaye mtaalamu wa Kimarekani wa uchunguzi wa maiti, Frederick Zugibe, aliwatundika watu waliojitolea kwenye msalaba wa majaribio, bila misumari bila shaka, mikono imetandazwa. Walipumua. Yeye akaelekea kwenye mshtuko wa mwili unaoletwa na kupoteza damu na majeraha. Kwa hiyo mkimsikia mtu anaeleza chanzo cha kifo kama aliyeshika faili la mgonjwa, mwacheni aseme, lakini jueni wataalamu bado wanabishana.

Ushahidi wa mifupa ni mdogo sana ukilinganisha na idadi ya waliouawa hivyo. Mwaka 1968 huko Yerusalemu, eneo la Giv'at ha-Mivtar, lilifukuliwa kaburi lenye sanduku la mawe la mifupa, lina jina la Yehohanan. Mfupa wa kisigino ulikuwa na msumari wa chuma wa sentimita 11.5 umepita kutoka ubavuni. Ncha ilikuwa imepinda, pengine iligonga fundo la mti, wakashindwa kuuchomoa, ndugu zake wakamzika nao. Kingine kilipatikana Fenstanton, Uingereza, kikatangazwa mwaka 2021, nacho ni kisigino.

Ila nilichotaka kusema hasa ni hiki. Nimehudumia watu wenye maumivu makali. Mtu akifika kiwango fulani hana tena mume, mke wala mtoto. Dunia yote inakuwa ni pale panapouma. Wapole wanatukana, na sisi hatuwawekei moyoni kwa sababu tunajua si wao wanaosema. "Naona kiu" ya Yohana 19:28 naielewa kabisa, hiyo kila mgonjwa anaisema. Lakini mtu aliye kwenye hali ile kugeuza macho na kuuliza mama yake atalala wapi? Hapo mimi huwa nanyamaza, na nafanya kazi hii kila siku.

---

Mkatoliki wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwalimu, nakuheshimu ila hapa tunatofautiana. Sisi tuna Njia ya Msalaba, vituo 14, na kwenye vituo hivyo Yesu anaanguka mara tatu. Najua utaniambia kuanguka hakumo kwenye Injili, na Veronika wa kituo cha sita pia hayumo. Sawa. Lakini kigango chetu kina wazee ambao hawajui kusoma. Wao imani wanaishika kwa magoti. Wanapiga goti kwenye vumbi, wanatazama picha ya Bwana kaanguka, wanasema "kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu", na wanaondoka wakiwa wamekutana na mtu, siyo na somo.

Ukiondoa majeraha, Yesu anageuka kuwa mwalimu wa maadili aliyekufa vibaya. Tomaso hakuambiwa "amini tu". Alionyeshwa kovu. Mwili uliofufuka bado ulikuwa na alama zake. Kama mbinguni hawakuona haya kuyabeba majeraha, sisi tunayakimbia kwa nini?

---

Mwalimu wa Kwaya

Hoja ya Tomaso ni nzito na sitajaribu kuizunguka. Siyakimbii majeraha. Ninachopinga ni mashindano ya nani anaweza kuyaeleza kwa kutisha zaidi, kana kwamba waumini wasipolia mahubiri yameanguka. Wazee wako wa kigangoni hawafanyi mashindano hayo. Wanapiga magoti tu.

---

Mbeba Boksi Ulaya

Salaam wakuu. Niingie na kitu nilichokiona kwa macho, kinawahusu wote wawili mnaobishana.

Mimi niko Ujerumani, upande wa karibu na mpaka wa Ufaransa. Ukivuka mpaka kuna mji unaitwa Colmar, kwenye makumbusho ya Unterlinden kuna picha kubwa ya altare iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516. Ilichorwa kwa ajili ya monasteri ya Isenheim, ambako watawa wa Mtakatifu Antonio walikuwa wanatunza wagonjwa wa ule ugonjwa uliokuwa unaitwa moto wa Mtakatifu Antonio. Chanzo chake kilikuwa mkate wa nafaka iliyoingia kuvu. Ulikuwa unaunguza viungo kwa ndani, ngozi inatoka vidonda, vidole vinakufa, wengine wanakatwa mikono na miguu.

Sasa Yesu wa picha ile si yule wa kalenda tuliyemzoea. Ngozi imegeuka kijani, mwili mzima una vidonda vidogovidogo na vijiti vya miiba vimebaki vimezama ndani ya nyama. Vidole vya mikono vimekakamaa kuelekea juu kama matawi makavu. Miguu imepindishwa, imevimba. Nilisimama pale nikahisi kichefuchefu kidogo, sifichi.

Halafu nikasoma maelezo ya nani alikuwa anaitazama. Mgonjwa akiletwa pale, anainua macho anamwona Mungu mwenye ugonjwa wake. Vidonda vilevile. Nadhani hapo ndipo Mkatoliki wa Kigango ana hoja. Mchoraji hakuyaweka majeraha yale ili kuwaliza watu wazima wa afya. Aliyaweka kwa ajili ya walioshindwa hata kujitazama wenyewe.

Pembeni mwa msalaba kasimama Yohana Mbatizaji (ambaye kwa kweli alishakatwa kichwa kitambo, mchoraji kajipa ruhusa), ana kidole kirefu kupita kiasi kinamwelekea Yesu, na maneno ya Yohana 3:30, yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.

---

Kiti cha Nyuma

Mbeba Boksi umenifanya niitafute hiyo picha. Kweli si ya kalenda.

---

Mama Wawili

Sikuwa nichangie, huwa nasoma tu.

Nilikuwa na ndoa ya kupigwa. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa, wakanikalisha, wakaniombea vizuri, wakaniambia: mama, huo ndio msalaba wako, Yesu alivumilia makubwa zaidi. Nikarudi nyumbani. Mara iliyofuata niliondoka na taya limevimba na watoto mkononi, sikuaga mtu.

Tangu hapo Ijumaa Kuu naiogopa. Mhubiri akianza "hakufungua kinywa chake, alivumilia kimya", nasikia sauti ya wale wazee. Naomba kuuliza bila jazba: huu upendo wa msalaba unataka nini kwangu? Nilipaswa kubaki?

---

Mjoli wa Bwana

Pole dada. Lakini tusilikwepe Neno. 1 Petro 2:20-21 inasema mtu akitenda mema na kupata mateso akastahimili, huo ni wema hasa mbele za Mungu, kwa kuwa Kristo naye aliteswa akatuachia kielelezo. Kizazi hiki kinataka taji bila msalaba.

---

Mwalimu wa Kwaya

Dada yangu, pole sana. Jibu langu ni hapana, hukupaswa kubaki, na nitalitetea kwa Biblia kwa sababu Biblia ndiyo iliyotumiwa kukurudisha.

Mjoli, Petro katika kifungu kile, kuanzia mstari wa 18, anasema na watumishi wa nyumbani, wengi wao watumwa, watu ambao hawakuwa na mlango wa kutokea. Aliwapa la kushikilia watu waliokuwa wamefungiwa. Hakuwa anawafungia. Petro huyohuyo, kwenye Matendo 12, malaika alipomfungulia gereza la Herode, hakusema ngoja nibaki nistahimili. Alivaa viatu, akatoka, akaenda mahali pengine. Na Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi (Matendo 22:25) aliuliza kama sheria inaruhusu kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Kipigo kikaishia hapo.

Tuje kwa Yesu mwenyewe. Walipookota mawe, Yohana 8:59 inasema alijificha akatoka hekaluni. Nazareti walimpeleka kwenye ukingo wa kilima wamtupe chini, akapita katikati yao akaenda zake (Luka 4:29-30). Yohana 7:1, alikataa kutembea Uyahudi kwa sababu walikuwa wanatafuta kumuua. Mtu huyu alikwepa kipigo zaidi ya mara moja.

Na "hakufungua kinywa" isikutishe. Usiku wa kukamatwa, mbele ya kuhani mkuu, mtumishi mmoja alimpiga kofi. Soma Yohana 18:23. Hakugeuza shavu akanyamaza. Alimtazama aliyempiga akamwambia: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?"

Wanipigia nini. Swali hilo ni la Yesu, akiwa amefungwa, saa chache kabla ya msalaba. Wazee wale walipaswa kulipeleka kwa mumeo.

Msalaba wa Luka 9:23 mtu anajitwika mwenyewe, kwa ajili ya jambo alilolichagua. Yohana 10:18 anasema hakuna amwondoleaye uhai wake, anautoa mwenyewe. Ngumi za mume hazikuwa kitu ulichokitoa. Zilikuwa kitu ulichofanyiwa, na katika hadithi ya Ijumaa Kuu wanaofanya mambo hayo ni askari.

---

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, mimi ndiye huwa nawapokea wanaoambiwa wabaki. Ulifanya vizuri kuondoka unatembea.

---

Mjoli wa Bwana

Sijasema apigwe. Nimesema tusiondoe kustahimili kwenye injili. Ila hilo la Yohana 18:23 nimelisoma tena, na nakubali huwa hatulihubiri.

---

Mhoji

Mimi si muumini, mtanisamehe. Swali langu ni la siku zote na sijawahi kujibiwa bila kuzungushwa. Kama Mungu ana uwezo wote na anatupenda, kwa nini asisamehe tu? Mbona hadi damu? Baba anayehitaji mwanawe auawe ndipo hasira zipoe, mtaani kwetu tungemwita polisi.

---

Mwalimu wa Kwaya

Swali halali kabisa, na hata ndani ya kanisa watu wamelibishania kwa karne. Anselm, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, mwishoni mwa miaka ya 1090 alilijibu kwa lugha ya heshima na fidia, kama watu wa enzi za mabwana na watwana walivyoelewa mambo. Kizazi kilichofuata, Peter Abelard wa Ufaransa akasema msalaba ni upendo unaoonyeshwa ili moyo wetu uwake. Makanisa yetu mengi yamemfuata wa kwanza bila kumjua.

Mimi nianzie chini. Msamaha wa bure haupo. Una deni kwenye daftari la Mangi, unga, mafuta ya taa, sukari. Siku moja anakwambia nimelifuta. Kwako ni bure. Lakini ule unga ulishaliwa, mfuko aliununua kwa jumla kwa pesa yake, na hasara imebaki dukani kwake. Kusamehe maana yake aliyekosewa ndiye anayeimeza hasara. Waulize waliowahi kusamehe kitu kikubwa kweli, watakwambia kiliwagharimu.

Sasa tatizo la picha yako ni kwamba unaweka watu watatu: Baba mwenye hasira, Mwana anayepigwa, na sisi tunaotazama. Paulo anaandika tofauti, 2 Wakorintho 5:19, Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakukaa upande wa pili ameshika kiboko. Waliokuwa na viboko tunawajua: gavana aliyeogopa umati, viongozi wa dini walioogopa kupoteza nafasi, askari waliotaka kucheka kidogo kazini. Hasara ya ukatili wetu iliangukia kwa Mungu mwenyewe, naye hakuirudisha kwetu.

Kilio cha "mbona umeniacha" kinabaki kigumu, sikidogoshi. Ni mstari wa kwanza wa Zaburi 22, na zaburi hiyo kuanzia mstari wa 22 inageuka kuwa sifa. Wengine wanasema alikuwa anaanza zaburi nzima. Huenda. Lakini Marko ameandika kilio na kukiacha hapohapo, sikimbilii kukifunika.

---

Mhoji

Daftari la Mangi limeingia. Hapo kwa Baba na Mwana kuwa upande mmoja bado mnanipa kazi, ila angalau hukunitishia jehanamu.

---

Mswahili wa Pangani

Assalaam alaykum na amani kwa wote. Nimesoma kwa heshima. Kwetu Waislamu, Qur'ani kwenye Suratun-Nisaa aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Sikuja kuvuruga uzi. Nataka tu muelewe kinachotusukuma: Nabii Isa, amani iwe juu yake, ni mtume mtukufu, na hatuoni Mwenyezi Mungu akimwacha mtume wake adhalilishwe namna ile mbele ya makafiri. Kwetu kukataa msalaba ni kumheshimu.

---

Mwalimu wa Kwaya

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nakushukuru kwa adabu, nyuzi za namna hii huwa zinaharibika mapema.

Kihistoria sisi tunasimama kwenye maandiko yetu, na hata Tacitus, mwandishi wa Kirumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, anataja kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato enzi za Kaisari Tiberio. Wewe una aya yako, hatutamalizana hapa.

Lakini hoja yako ya heshima naiona ya kweli sana, na si ngeni. Mwanafunzi wake mwenyewe aliisema. Mathayo 16:22, Petro alimchukua Yesu pembeni akaanza kumkemea: hasha Bwana, hayo hayatakupata. Alisema kwa mapenzi kama wewe. Ukristo wote umejengwa juu ya kumkatalia Petro siku ile. Sisi tunaamini utukufu wake ulikubali kudhalilishwa, na ndiyo maana yule mgonjwa wa Isenheim na yule mama hapo juu wana pa kumshika.

---

Mswahili wa Pangani

Nimekuelewa, ingawa sijakukubalia. Tuko pamoja.

---

Mhoji

Swali la mwisho nikalale. Kila mtu anamsema yule jambazi mwema aliyeahidiwa peponi. Na yule wa pili? Katukana, kafa. Upendo wenu ulimpita?

---

Mkatoliki wa Kigango

Mapokeo yanawaita Dismas na Gestas. Dismas tunamheshimu kama mtakatifu. Gestas ndiye aliyetukana.

---

Mwalimu wa Kwaya

Luka hakumalizia habari za huyo wa pili, na mimi sitammalizia.

Ila tazama mpangilio. "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo" iko mstari wa 34 wa Luka 23. Tusi la mhalifu liko mstari wa 39. Sala ilitangulia. Halafu nenda Marko 15:32: pale waliomfyolea ni wote wawili waliosulubiwa pamoja naye. Kwa hiyo hata huyo Dismas wenu, asubuhi ile alikuwa anatukana na mwenzake. Kati ya saa tatu na saa tisa kitu fulani alikiona kwa jirani yake, hatuambiwi ni nini, akabadilisha maneno. Mwenzake alitundikwa umbali uleule, akasikia yaleyale.

---

Mhoji

Hilo la wote wawili kutukana sikulijua. Ngoja nilisome.

---

Mama Wawili

Mwalimu, ukipata huo wimbo usiohesabu misumari uuweke hapa. Na kama hakuna, tungeni mmoja wenye lile swali la Yohana 18:23. Niko sauti ya pili.